Picha ya Funguo Mbili

Tulipomzika Njiru, kule kwao karibu na Ishiara, kijitabu cha mazishi kilikuwa na picha yake moja tu, ile ya kitambulisho, iliyokuzwa hadi uso ukawa madoa. Nilikaa chini ya hema, miguu ya kiti cha plastiki ikizama mchangani, nikaitazama picha hiyo kuliko nilivyomsikiliza mhubiri. Nilikuwa na hasira. Watu hudhani kila anayelia mazishini analia kwa huzuni, lakini mimi nililia kama mtu aliyengojeshwa stendi hadi gari likaja likapita likiwa limejaa. Baada ya watu kula, na wenye haraka zao kuanza kuulizana nani anarudi Embu, mama yake Njiru alimtuma mjukuu wake aniite. Nilimkuta ameketi kitandani katika chumba kidogo kilichopakwa chokaa, gunia la pojo mguuni pake, na dirisha limefunguliwa kidogo tu ili jua lisimwumize macho. Hatukuwa tumeonana tangu nilipokuwa msichana, na sasa mimi mwenyewe nina miwani ya kusomea, lakini hakusita hata kidogo.

"Wewe ni yule wa Meru," aliniambia kwa Kimbeere, ambacho sisi Wameru hukielewa hata kama hatukisemi vizuri. "Yule wa kompyuta."

"Ni mimi, Mama."

"Njiru aliniambia picha ya mzee iko kwenu nyinyi wawili. Kila nikimuuliza, ananiambia tutaifungua, Mami, tutaifungua. Sasa yeye amelala. Wewe utaifungua na nani?"

Alinyoosha mkono akanionyesha ukuta wa nyuma yangu, palipotundikwa picha ya marehemu mume wake, Mzee Ireri, iliyotolewa kwenye kipande chake, kitambulisho cha zamani. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, uso umekaza, macho yamemkodolea mpiga picha wa serikali kana kwamba ameshtakiwa. "Hiyo ndiyo niliyo nayo," mama alisema. "Na mzee hakuwa mtu wa majivu namna hiyo. Ninyi mlimpiga akiwa na rangi yake. Macho yangu yanaisha, mwari, binti yangu. Nataka kumwona na rangi yake kabla hayajaisha kabisa." Nilimwahidi nitajaribu, nikijua vizuri kwamba ahadi yenyewe ilikuwa nusu ya uongo, kwa sababu picha ile ilikuwa na funguo mbili, na mimi nilikuwa na mmoja.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa nikisoma chuoni asubuhi na kufanya kazi mchana katika saiba moja, duka la intaneti, pale Makutano, Meru. Saiba yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye kuta za kijani na pazia la shanga mlangoni, na mashine zake zilikuwa nzito, zenye migongo mirefu, zikitoa joto hadi mtu akivua sweta Julai. Harufu yake ninaijua hata leo: vumbi lililochomwa, maandazi ya duka la jirani, na mafuta ya nywele ya wasichana waliokuja kuandikia wachumba wao waliokuwa ng'ambo. Njiru tulisoma naye darasa moja. Alikuwa Mmbeere mwembamba, mpole wa sauti, mbishi wa mambo, mwenye tabia ya kubeba asali katika begi la vitabu na kulalamika kwamba hesabu za mwalimu zimenata. Tulipanga katika ploti moja, vyumba vya mbao vilivyoshikana, chake na changu vikitenganishwa na ubao mmoja uliokuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua anapokohoa, anapogeuka kitandani, na anapochoma chapati. Nilimpenda. Naliandika neno hilo hapa bila kulizungusha, kwa kuwa wakati wake sikulisema.

Kilichotuingiza katika mambo ya kufunga picha hakikuwa hamu ya usomi. Alikuja pale saiba mama mmoja muuza nguo wa sokoni Gakoromone, akaleta picha ya kidonda kilichokuwa kifuani mwake. Daktari wa Nairobi alitaka kuiona kwa barua pepe, na ilibidi iwe ya rangi, kwa sababu alitaka kujua wekundu umefika wapi. Niliituma. Picha ikabaki kwenye mashine, maana sote tulikuwa wageni wa mambo hayo, na kesho yake vijana fulani wakaikuta wakaigeuza kuwa sura ya mbele ya kompyuta. Mama yule alirudi kuuliza kama amejibiwa. Aliingia, akainua pazia la shanga, akajiona pale kwenye kioo, na watu wanacheka. Aliiachia ile shanga taratibu akatoka, na sikumwona tena pale wala sokoni. Njiru alikuwa ameketi kona akinisubiri tule chakula cha mchana. Aliinuka, akaizima mashine kwa kuuchomoa waya ukutani, jambo ambalo tulikatazwa, kisha akaniambia, "Kendi, hii project ya mwisho wa mwaka tumeipata. Tutafunga picha. Ifungwe mpaka hata mwenye mashine asijue ni ya nani."

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu mfupi aliyevaa koti zito hata jua likichoma, na alikuwa na dharau kidogo kwa kompyuta, lakini ndiye aliyetupa njia. Siku moja aliligawa darasa katikati. Akasema: chukueni namba iliyo kati ya sifuri na moja, izidisheni kwa kile kinachopungua ili ifike moja, kisha zidisheni tena kwa namba inayokaribia nne. Jibu mtakalopata lifanyieni vilevile, na linalofuata vilevile, msichoke. Upande wetu alitupa namba ya kuanzia, na upande wa pili akawapa iyo hiyo, isipokuwa tarakimu ya mwisho kabisa, huko mbali baada ya nukta, aliibadilisha kidogo. Tulianza kuyataja majibu kwa sauti, na mwanzoni pande zote mbili zilisema kitu kimoja kama wanakwaya. Baadaye zikaanza kupishana kidogo, tukadhani mtu amebonyeza vibaya. Kabla ya kengele, wao walikuwa kwao na sisi kwetu, wala usingeweza kuamini kwamba tulitoka mahali pamoja. "Hakuna aliyekosea," mwalimu alisema akipangusa chaki. "Ni tofauti ndogo iliyokuwepo tangu mwanzo, na hamkuiona." Alituambia hesabu za namna hiyo huitwa za vurugu. Vurugu yake si ya bahati nasibu: ukiijua namba ya kwanza yote, utaipata ya pili na ya elfu, lakini ukiikosea kidogo tu, hupati chochote.

Basi tukaigeuza vurugu kuwa kufuli. Picha ya rangi ndani ya kompyuta ni nukta nyingi sana, na kila nukta ni namba tatu, yaani kiasi cha nyekundu, kiasi cha kijani na kiasi cha samawati. Unachukua ule mfululizo wa namba za vurugu, unauchanganya na namba za rangi, moja kwa moja hadi mwisho, na picha inakuwa mchanga wa rangirangi usio na sura wala mpaka. Aliye na namba ya kuanzia anaurudia mfululizo uleule na kuzitoa namba moja moja, na uso wa mtu unarudi. Asiye nayo ataangalia mchanga mpaka azeeke. Tulipomwonyesha mwalimu, alikuwa akinywa chai, akatikisa kichwa. "Mnajaribu kwa picha za maua," alisema. "Mtu hawezi kujua kama kufuli ni kufuli mpaka afungie kitu anachokiogopea. Jaribuni kwa picha ambayo ikipotea mtalia, na msiweke nakala. La sivyo mnacheza." Alisema kwa namna ya mtu anayetania, lakini sisi tulikuwa vijana na tulichukulia kila neno lake kuwa sheria.

Mzee Ireri alikuja Meru mwaka huo kumwona mwanawe. Alifika na kibuyu cha asali, jogoo aliyefungwa miguu, na sweta nzito aliyofumiwa na mkewe, ambayo hakuivua ingawa alilalamika tangu mlangoni kwamba Meru kuna baridi ya kufugia wazungu. Nilimpikia mukimo wa kwetu Igembe, wa ndizi na mahindi, nikaukaangia nyama pembeni. Alikula taratibu, akiusifu kwa namna ya kuuchokoza. "Huyu anapika kama mtu anayetaka mgeni arudi," alimwambia Njiru, na Njiru akajifanya anatafuta chumvi. Baada ya kula tulitoka uani. Nilikuwa nimeazima kamera ya chuo, na jua lilikuwa zuri, jua la baada ya mvua. Mzee alisimama kando ya sukuma wiki za mama mwenye nyumba, beseni la kufulia miguuni, na Njiru akasimama nyuma yake kidogo. Nilipomwambia mzee atabasamu alikataa, akasema meno yake si ya maonyesho. Kisha yule jogoo akajifungua kamba, akaparamia beseni na kuanguka ndani ya maji, na mzee akacheka kwa nguvu, na mimi nikabonyeza. Hiyo ndiyo picha. Haikuchukua muda hata wa kufikiria.

Tukiwa palepale uani tulimweleza kazi yetu. Alisikiliza kwa heshima kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni, kisha akauliza swali moja: ufunguo atakaa nao nani? Tulitazamana, maana hatukuwa tumefikiria. "Kwetu mzinga haufunguliwi na mtu mmoja," mzee alisema. "Mmoja anashika moshi, mmoja anashika kibuyu. Ukifungua peke yako, ama nyuki watakula wewe, ama wewe utakula asali ya wenzako." Njiru alipenda neno hilo hadi akapiga paja. Tukakubaliana hapohapo kwamba picha yetu itakuwa na watu wawili. Namba yake ingefunga nyekundu, namba yangu ingefunga kijani, na samawati ingefungwa na namba zote mbili zikiunganishwa. Hakuna ambaye angemwambia mwenzake namba yake, wala kuiandika popote. Niliona ni jambo zuri sana, na nakiri lilinifurahisha kwa sababu ambayo haikuhusiana na hesabu, kwamba kulikuwa na kitu duniani ambacho mimi na Njiru tu tungeweza kukifungua, na tukiwa pamoja.

Jioni hiyo nilikuwa nikiosha vyombo chumbani kwangu, na wao wakizungumza upande wa pili wa ubao. Sikutega sikio. Ubao wenyewe haukuwa wa kutegewa sikio, ulikuwa kama hakuna. Nilisikia mzee akiuliza kwa sauti ya chini, "Na huyu msichana, umemwambia?"

"Bado, Baba," Njiru alijibu. "Nikimaliza."

"Ukimaliza nini?"

"Masomo. Nipate kazi kwanza. Haraka haraka haina baraka."

Mzee aliguna. "Mtu wa nikimaliza humaliza peke yake," alisema.

Nilibaki na sufuria mkononi, maji yakinitiririka hadi kiwikoni, nikicheka kimya kimya kama mjinga. Kilichofuata sikukifurahia. Mzee alisema pojo zimekomaa na yeye hana mikono ya kutosha, mbuzi wanaingia shamba la jirani, mizinga imeachwa, na kama kusoma ni kukaa mbele ya kioo kutazama mchanga, basi Njiru arudi nyumbani kwa msimu mmoja tu. Njiru alimjibu vibaya. Alimwambia hakuja Meru ili arudi kuwa mkia wa mbuzi. Asubuhi mzee aliondoka bila kunywa chai. Kikombe nilichomwekea nilikikuta mezani, kimefunikwa na kisosi chake, kimepoa.

Juma lileile tulifunga picha kwenye mashine moja ya saiba. Njiru ndiye aliyeifuta ya awali, na ile kadi ya kamera ikarudishwa chuoni na kujazwa picha za kwaya. Alifanya haraka, bila utani wake wa kawaida, na nilipomwuliza kama tusiitoe kwanza nakala ya karatasi tuipeleke kwao, alisema mwalimu alikataza. Siku ya kuwasilisha, mwalimu alitutazama juu ya miwani akauliza, "Na aliye na ufunguo mmoja tu, anaona nini?" Nilimjibu mimi, kwamba mwenye namba ya kijani peke yake anaweza kuiona picha nzima, sura na kila kitu, ila itakuwa ya kijivu. "Kwa hiyo nyinyi mmefunga rangi tu," mwalimu alisema, na darasa likacheka, lakini alitupa alama nzuri. Alitufundisha na jambo jingine siku hiyo, tulipojaribu kuifungua kwa mashine ya ofisi yake ikakataa hata kwa funguo zote mbili. Kila mashine, alisema, ina mahali pake pa kuikata namba inapokuwa ndefu, na vurugu haisamehe tofauti hiyo. Picha itafunguka kwa mashine iliyoifunga, au ndugu yake wa tumbo moja. Kwa hiyo saiba ilipofungwa mwisho wa mwaka, niliomba ile mashine nzito badala ya mshahara wa mwezi, na watu wa ploti wakanicheka kwamba nimelipwa jiwe.

Mzee Ireri alifariki kabla mwaka huo haujaisha, ghafla, akiwa shambani. Nilienda kuzika. Nilimvuta Njiru kando, nyuma ya ghala, nikamwambia tupande Meru kesho, tuifungue ile picha, mama yake apate kitu cha kuweka ukutani. Alikuwa amevaa sweta ya baba yake, mikono ikimpwaya. Aliiangalia ardhi kwa muda.

"Siwezi kumwona akicheka, Kendi," alisema. "Unajua mara ya mwisho nilimwambia nini? Ulisikia. Hiyo ukuta ilikuwa ya karatasi."

"Nilisikia."

"Basi ulisikia yote."

"Nilisikia yote," nilisema. Hapo ndipo mlango ulipokuwa. Ningeweza kuongeza neno moja tu. Lakini alikuwa amefiwa, na nikaona si adabu, si mahali pake, nikangoja aseme yeye.

"Tutaifungua," alisema. "Si sasa."

Njiru hakurudi chuoni. Alibaki nyumbani akavuna pojo alizokataa kuvuna, kisha akapata kazi ya kuandika hesabu za wakulima wa kahawa kule Runyenjes, akakaa huko. Kutoka Runyenjes hadi Meru si mbali, mtu anaweza kunywa chai asubuhi huku na kula mchana kule. Alinipigia kila Krismasi, na baadaye simu zilipokuwa rahisi, hata katikati ya mwaka. "Hiyo jiwe yako bado iko?" angeuliza. Ningemjibu iko, nimeifunika kitambaa cha kufuma kama maiti ya tajiri. "Weka chai, nitakuja tufungue," angesema, na mimi ningesema, njoo. Mara moja nilichoka nikamwambia basi nitajie namba kwa simu tumalize, mama anazeeka. Akasema baba alisema wawili, na yeye hatamkosea mara ya pili. Nilimwelewa, na nilikasirika vilevile. Alioa. Mimi pia niliolewa, na sitasema ndoa yangu ilikuwa mbaya, kwa sababu haikuwa. Mtoto wake wa kwanza alimwita Ireri, kama desturi inavyotaka, na siku aliponiambia, tulikaa kwenye simu bila kusema kitu mpaka salio lake likaisha. Wakubwa walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Walichosahau kusema ni kwamba matumbo yenyewe huzoea, na mtu anaweza kuishi na maumivu hayo akiyaita adabu.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba ufunguo wangu ulikuwa kichwani mwangu miaka yote hiyo. Ningeweza kuifungua ile picha siku yoyote, ikawa ya kijivu, nikampelekea mama. Sikufanya hivyo kwa sababu tuliahidiana wawili, na kwa sababu niliona aibu kupeleka theluthi ya kitu. Na niseme ukweli wote: kuifungua peke yangu kungekuwa ni kukubali kwamba Njiru haji. Niliilinda picha ile kama mtu anayemwekea mgeni chakula, akafunika na sahani, mpaka chakula kikaoza na watoto wa nyumbani wakalala njaa. Yule mama wa Ishiara alikuwa akiuliza kila mwaka, na sisi wawili tulikuwa tukitunza uaminifu wetu.

Niliporudi kutoka mazishini niliondoa kile kitambaa cha kufuma. Nilipangusa vumbi, nikaunganisha nyaya, na mashine ikakaa kimya mpaka nikaanza kuiomba msamaha, ndipo ikavuma. Niliandika namba yangu. Mimi ni mwalimu wa hesabu sasa, vidole vyangu vimeandika namba nyingi sana, lakini hiyo niliiandika polepole nikiitamka. Picha ilikuja mstari kwa mstari kutoka juu, ya kijivu kama nilivyojua itakuwa. Kwanza paa la mabati, halafu paji la uso wa mzee, halafu meno yake yale aliyosema si ya maonyesho, yote nje. Halafu Njiru. Katika kumbukumbu yangu, Njiru naye alikuwa akimcheka jogoo, kwa kuwa sote tulicheka. Hakuwa anamtazama jogoo. Macho yake yalikuwa juu kidogo ya kamera, yamenitazama mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kusema jambo. Nililia palepale, mbele ya lile jiwe, na mume wangu akaja akasimama mlangoni, akaona, akarudi jikoni kuniwekea chai bila kuniuliza. Namshukuru kwa hilo.

Kisha nikajaribu kuutafuta ufunguo wa Njiru. Nilijua ni upumbavu, nimewafundisha watoto wa watu kwa nini ni upumbavu, lakini nilijaribu. Mkewe, alipopata nguvu ya kuzungumza kwa simu, aliniambia hakuacha namba popote, na nilimwamini, kwa sababu hatukuruhusiwa kuandika. Nilijaribu siku yake ya kuzaliwa, na ya baba yake, na ya mtoto. Siku moja, kwa haya, nilijaribu ya kwangu. Kila mara wekundu ulimwagika juu ya mzee kama mchanga, ukamfunika meno na macho, na nikaufuta. Mwishowe niliacha. Nilikwenda studio moja mjini Meru, nikaitoa ile ya kijivu kwa karatasi nzuri, nikaiwekea fremu, na nikaenda Ishiara.

Mama alikuwa ameketi nje safari hii, akipeta pojo kwenye ungo. Nilimwambia kabla hajaiona. Nilisema, "Mama, nimeshindwa. Rangi alikwenda nayo Njiru. Nimeleta ya majivu, kama ile ya kipande." Alijipangusa mikono kwenye leso, akaipokea fremu, akaisogeza karibu sana na uso, halafu mbali, halafu karibu tena, akitafuta mahali ambapo macho yake bado yanafanya kazi. Kisha akaweka kidole kwenye kioo.

"Hii sweta nyekundu," alisema. "Ya kahawa iliyoiva. Mimi ndiye nilifuma, uzi ukaisha kwa mkono, nikamalizia na ingine." Kidole kikashuka. "Hii beseni ni bluu. Huku ni mboga." Alirudi juu, akagusa meno ya mzee, akacheka kidogo puani. Alizitaja rangi zote, moja moja, bila haraka, hata zile ambazo hakuwahi kuziona kwa kuwa hakuwepo, na mimi niliyekuwepo sikuona palipokosewa. Halafu kidole kikafika kwa Njiru kikasimama.

"Na huyu wangu," alisema, "anaangalia nani?"

"Mimi ndiye nilikuwa nimeshika kamera, Mama."

Alinitazama mimi, akaitazama picha, akanitazama tena. Upepo ulikuwa ukipeperusha maganda ya pojo kutoka kwenye ungo, na hakuna aliyeinama kuyakusanya.

"Sasa, mwari," aliniuliza, bila ukali wowote, "nyinyi wawili mlikuwa mnangoja nini?"

Niliinuka nikaingia ndani kumtafutia msumari.